Alama za Penseli

Pale shuleni mwalimu wa hesabu walimwita Penseli, na jina lenyewe hakuligombania, maana alilitafuta mwenyewe. Kila alama aliyotoa aliiandika kwanza kwa penseli kwenye daftari lake kubwa la jalada gumu, akailaza siku mbili tatu, akaipitia upya, na ndipo akaihamisha kwa wino, pembeni yake na kwenye fomu ya kwenda chuoni. Daftari hilo alilitumia miaka kumi na minane. Walimu wenzake walimtania kwamba amelioa, na kweli mke hakuwa naye. Alikuwa na mpwa wake tu, binti aliyeachwa na marehemu dada yake akiwa na miaka sita, ambaye ndiye aliyemlazimisha mtu mzima na masharubu yake ajifunze kusuka nywele. Alimsuka mafungu mawili, moja juu moja chini, kila asubuhi ya shule, na mtoto akijitazama kwenye kioo alisema kwa adabu zote, "Ahsante, mjomba. Zimependeza." Hazikuwa zimependeza hata kidogo, na wote wawili walijua.

Binti alikua mtu wa vipimo. Tangu yuko darasa la tano alikuwa na kamba aliyoifunga fundo kila baada ya mita moja, na kwa kamba hiyo alipima uwanja wa shule, njia ya kwenda bombani na nyumba yao yenyewe. Jioni moja alimjulisha mjomba wake kwamba ukuta wa sebuleni umepinda sentimita nne, na kwamba fundi alimfanya mtoto mdogo. Alitaka kusomea upimaji ardhi, hakutaka kingine, na chuo chenye kozi hiyo kilikuwa kimoja tu, nafasi arobaini kwa mwaka.

Jumanne barua ya chuo ilipofika, ni yeye aliyeipokea. Aliisoma amesimama mlangoni, akaisoma tena ameketi, kisha akamkabidhi mjomba wake. Chuo kilikuwa kinachagua kwa mambo mawili: nusu mtihani wa taifa, nusu alama ya hesabu ya miaka mitatu shuleni. Mtihani alikuwa amepata themanini na moja. Alama ya shule, themanini na nne. Hata mtoto wa chekechea angejua amepita. Lakini chini yake kulikuwa na mstari mwingine: alama ya shule baada ya kipunguzo, sabini na tatu. Wastani, sabini na saba. Kiwango cha kuingia, sabini na nane. Hukuchaguliwa.

"Mjomba, kipunguzo ni nini?"

"Sijui," alisema Penseli, na hapo alikuwa bado anasema kweli.

"Nimekosa kwa moja."

"Nimeona. Kesho nitakwenda. Watakuwa wamechanganya majalada, hawa watu wa ofisini unawajua."

Yeye mwenyewe aliamini hivyo. Usiku alilala vizuri, na asubuhi alivaa shati lake la mahafali akaondoka na barua mfukoni. Mpwa wake alimwacha anaosha vyombo.

Ofisi ya udahili ilikuwa na madirisha matatu, na moja tu ndilo lililokuwa wazi. Karani aliyekaa nyuma yake alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mtu mtaratibu asiye na haraka na mtu yeyote. Aliisoma barua, akamwomba mwalimu azunguke aingie ndani kwa mlango wa pembeni, akamvutia kiti. Penseli akajua kwamba habari haitakuwa fupi.

"Mwalimu, sisi hapa tunachofanya ni kutabiri," karani alisema. "Hatuna kingine. Mtoto anakuja na namba mbili, na sisi inabidi tuseme mwaka wa kwanza atasimama au ataanguka. Mtihani wa taifa unasaidia kiasi, lakini mtihani ni asubuhi moja. Mtu anaweza kuamka na homa, anaweza kubahatisha. Alama ya shule ni miaka mitatu ya kuja kila siku, kufanya zoezi, kukosea na kurudia. Hiyo ndiyo inayotuambia zaidi. Tumeipima miaka mingi."

"Nakubaliana na wewe," alisema Penseli, na kifua kikamvimba kidogo. Mtu gani wa kumweleza yeye habari ya alama?

"Lakini inatuambia kama shule inasema kweli. Kwa hiyo kila shule tunaifuatilia." Alivuta jalada la kijani, akafungua karatasi yenye mchoro. Kulikuwa na mstari uliopanda, na vidoti vingi vimeshikamana nao. "Huku ni alama mliyotuma. Huku ni alama aliyopata mtoto wenu akiwa hapa. Angalia miaka ya zamani. Mkituambia sabini na tano, anapata kama sabini. Mkituambia sitini, tunajua atahangaika, na kweli anahangaika. Kati yetu tulikuwa tunasema hii shule haijawahi kutukosesha. Kuna shule nyingine mwalimu ana mkono wa birika kwa alama, nyingine anagawa kama karamu. Ya kwenu ilikuwa imenyooka."

Kisha akaweka kidole chini kabisa ya karatasi. Kulikuwa na vidoti tisa vya rangi nyekundu. Vinane vilikuwa vimeanguka mbali chini ya mstari.

"Hawa walikuja mwaka mmoja, miaka minne iliyopita. Mlituambia sabini na kitu wote. Wanane hawakumaliza mwaka wa pili. Tukichanganya na wa miaka mingine, kwa wastani shule yenu ilizidisha kumi na moja, na kanuni ni kwamba shule ikizidisha, kila anayefuata anapunguzwa kiasi hicho hicho kwa miaka mitano. Huyu binti yuko ndani ya hiyo mitano."

Penseli alivitazama vile vidoti tisa. Kila kidoti alikijua kwa sura na kwa mwandiko.

Sasa ngoja niseme, kwa sababu kuna watakaomwona mwizi wa alama, na mwizi hakuwa. Mwaka ule alipasuliwa tumbo akalala kitandani mihula miwili, na shule haikuleta mwalimu mwingine. Darasa lile lilikaa likitazama ubao mtupu. Aliporudi, anatembea ameshika ubavu, aliwakuta watoto waliokuwa wazuri wamekuwa magofu, hawajui pa kuanzia. Aliwapa mazoezi, akaandika kwa penseli alama zao za haki: hamsini na nane, sitini na moja, hamsini na nne. Akazilaza siku mbili. Siku ya tatu akajiambia kosa si lao, tumbo ni langu, na watakapofika chuoni watajikokota watawafikia wenzao. Akahamisha kwa wino sabini na sita, sabini na tano, sabini na mbili. Tisa kati yao wakachaguliwa. Wazazi walikuja shuleni na vigelegele, na yeye alisimama pembeni anatabasamu, mjinga wa watu, akidhani amefanya wema. Wakati vijana wanaanza kurudi nyumbani mmoja mmoja, alijua, lakini alijifanya hajui. Hilo nalo tuliseme.

"Na huyu mmoja?" aliuliza, kidole chake kwenye kidoti cha tisa, kilichokaa juu ya mstari.

Karani alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Huyo alitushangaza. Yuko mwaka wa mwisho sasa, uhandisi wa maji, anamaliza baada ya miezi mitano. Kila mwaka wapo watu kama huyo. Lakini ni wachache, mwalimu, na hatuwezi kupanga nafasi arobaini kwa kutegemea kushangazwa."

Kidoti cha tisa kilikuwa mtoto wa mlinzi wa shule.

Penseli alisogeza kiti. Kulikuwa na jambo jingine, na lilikuwa linamkaba tangu aone vile vidoti. "Dada, huyu binti ni mpwa wangu. Alama yake halisi haikuwa themanini na nne. Ilikuwa themanini na saba. Nilimpunguza tatu mimi mwenyewe, ili watu wasiseme Penseli anampendelea ndugu yake."

Ndivyo alivyofanya, na alijiona mtu safi siku hiyo. Themanini na saba ukitoa kumi na moja ni sabini na sita. Ukijumlisha na themanini na moja ukagawa, ni sabini na nane na nusu. Alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo kabla karani hajafunga jalada. Mtoto alikuwa ndani, na mjomba ndiye aliyemtoa.

Karani alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko kufokewa. "Mwalimu, jisikilize. Shule yenu ndiyo inayoongeza. Leo umekuja kuongeza tena, na unamwongezea ndugu yako."

"Ninalo daftari. Alama za penseli, zote, kabla ya wino."

"Basi lilete. Rufaa zinafungwa Ijumaa saa sita mchana. Lakini tunapokea daftari zima, karatasi iliyochanwa hatuitaki, na utoe nakala ya kila ukurasa. Na nikwambie kabisa usije ukasema sikukwambia: tutalisoma lote. Tukikuta alama ya mtu iliongezwa, udahili wake unafutwa, hata awe amebakiza wiki moja. Na aliyeongeza haendi tena mbele ya darasa."

Nyumbani alimweleza mpwa wake nusu ya habari. Alisema chuo kinadai shule yao inazidisha alama kwa kumi na moja, ndiyo maana wote wanapunguzwa, na kwamba atakata rufaa.

"Na ni kweli inazidisha?"

"Kuna mwaka mambo yalikwenda segemnege."

Binti aliitika polepole, akawaza. Hakuuliza zaidi. Angeuliza, labda mambo yangekuwa mengine, lakini alilelewa kutomsumbua mjomba wake akiwa amekunja uso.

Alhamisi baada ya vipindi Penseli alitia daftari kwenye mkoba, akaenda duka la kutoa nakala lililo mkabala na posta. Alikuwa amepiga moyo konde. Njiani alijiambia kwamba mtoto wa mlinzi atajitetea mwenyewe, si amefanya vizuri, watamwonea huruma. Na yeye mwenyewe amefundisha miaka ya kutosha, atauza hata mkaa. Aliingia, akaweka mkoba juu ya meza, akaanza kufungua zipu.

"Shikamoo, mwalimu."

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, kitambaa kichwani, mikono imechafuka wino wa mashine. Ilimchukua muda kumtambua. Alikuwa wa darasa lile. Hamsini na nane kwa penseli, sabini na sita kwa wino.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe uko hapa."

"Mwaka wa pili huu. Mambo ya chuo yalinishinda." Alicheka kidogo huku akipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Mpaka leo sielewi, mwalimu. Kwako nilikuwa na sabini na sita. Nikafika kule, mtihani wa kwanza, ishirini na tisa. Nikasoma mpaka macho yakavimba. Wa pili, thelathini na moja. Nikawa najiuliza akili yangu imeenda wapi. Mama alinipeleka kwa waombaji, eti nimefungwa. Nilikaa mwaka mzima nikiamini kuna mtu kanifunga."

"Na sasa?"

"Sasa naamini ni mimi tu. Niliwahi kuwa na akili, ikaisha." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja kiatu kilichotoboka. "Nikutolee nakala ngapi?"

Mkono wa Penseli ulikuwa juu ya zipu. Ndani ya mkoba, ukurasa wa mia na kumi na mbili, mstari wa nne, kulikuwa na jina lake na ile hamsini na nane. Mashine ni yake. Kila ukurasa ungepita mikononi mwake. Angeona kwamba hakufungwa na mtu, na kwamba akili haikwenda popote: alipelekwa mahali asipokuwa tayari kwenda, na aliyempeleka ndiye huyu anayemsalimia shikamoo. Na pengine ilikuwa haki yake kuona kuliko mtu yeyote. Penseli alilijua hilo, aliliona wazi mchana kweupe, na bado hakuweza.

"Nimesahau kitu shuleni," alisema. "Nitarudi."

"Karibu, mwalimu. Wewe sitakutoza, wewe ni mzazi."

Alitoka akatembea mpaka mwisho wa barabara bila kujua anakwenda wapi. Machozi yalimlenga, akajikaza, kwa sababu wanafunzi wa zamani wamejaa kila kona ya mji na wote wanamjua.

Ijumaa asubuhi alipitia shuleni kuomba ruhusa. Mlinzi alikuwa getini, mzee wa miaka sitini na zaidi, koti la kazi limembana mabegani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu wangu." Alimwita hivyo tangu mwanawe achaguliwe, mwalimu wangu, ingawa Penseli hakuwahi kumfundisha chochote. "Kijana kapiga simu jana. Anakusalimia sana. Anasema wameshapewa vipimo vya majoho." Mzee alinyoosha mikono yake miwili kupima upana wa mabega yasiyokuwepo, akacheka peke yake. "Eti majoho. Mimi nimemuuliza, hilo joho unalirudisha au linakuwa lako? Anasema linarudishwa. Nikamwambia basi kabla hujalirudisha njoo nalo hapa getini, hata dakika tano, mwalimu wangu akuone."

"Nitamwona," alisema Penseli.

"Miezi mitano. Nikijaliwa."

Penseli alikwenda chuoni hivyo hivyo, bila nakala, daftari likiwa mkobani. Alijiambia wataitoa huko huko, mashine si wanazo. Alikaa kwenye benchi la nje ya madirisha saa tatu na nusu asubuhi, na walikuwapo wazazi wengine saba. Saa nne walibaki watano. Saa tano alibaki yeye na mama mmoja mwenye bahasha ya kaki. Karani alimwona kupitia kioo, akampungia mkono aje, na Penseli akamwonyesha yule mama kwamba apite kwanza. Mama akapita, akamaliza, akaondoka.

Alikaa. Alifungua mkoba, akalitoa daftari, akalifungua ukurasa wa mwisho, akaiona themanini na saba ya mpwa wake kwa penseli na pembeni yake themanini na nne kwa wino. Alikumbuka siku aliyoibadilisha. Alikuwa amekunywa chai, ametulia, hakuna aliyemshurutisha. Akarudi nyuma hadi ukurasa wa mia na kumi na mbili, akamtafuta mtoto wa mlinzi: sitini na moja, na pembeni sabini na tano. Penseli inafutika, angeweza kufuta mambo yote haya miaka minne iliyopita kwa dakika kumi, na leo daftari lingekuwa la mpwa wake tu. Hata sasa kifutio kilikuwa mfukoni mwake. Alikishika. Lakini alama iliyofutwa huacha kovu kwenye karatasi, na yule karani na miwani yake si mtu wa kupitwa na kovu. Na kusema kweli mkono wake haukujua kufuta, haukuwahi.

Kuna watakaosema kwamba alikaa pale kwa ajili ya mtoto wa mlinzi. Nusu ni kweli. Alimwona kijana na joho lake la kukopa, alimwona mzee getini amenyoosha mikono, na alishindwa kuwa yeye wa kuwanyang'anya. Lakini tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Nusu nyingine alijiogopea mwenyewe. Aliogopa kuitwa mbele ya watu, aliogopa asubuhi isiyo na kengele ya shule, aliogopa yule binti wa duka la nakala kusikia. Hofu hizo mbili zilikaa pamoja kwenye benchi moja, na kila alipotaka kuinuka kwa ajili ya mpwa wake, moja ilimshika huku na nyingine huku.

Saa sita kasoro dakika tano karani alitoka mwenyewe nje. "Mwalimu, umelileta?"

Daftari lilikuwa magotini pake, limefungwa, mikono yote miwili juu yake.

"Sikulipata," alisema.

Karani alilitazama daftari, akamtazama yeye. Alikuwa mtu wa makamo, ameona mengi dirishani pale. "Pole sana," alisema, akarudi ndani, na dirisha likashushwa.

Alifika nyumbani mchana, jua kali. Uani alikuta kamba ya mafundo imefungwa kutoka dirisha la jikoni mpaka nguzo ya ua, na juu yake nguo zimeanikwa: mashati yake mawili, shuka, sketi ya shule ambayo haikuwa na kazi tena. Mpwa wake alikuwa anakamua taulo. Penseli alisimama akaitazama ile kamba kwa muda.

"Ile ya kuanikia ilikatika," binti alieleza. "Na hii imekaa tu. Wamesemaje?"

"Wamekataa."

Binti aliitika kwa kichwa. Alitundika taulo, akalinyoosha kingo zilingane, akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akamletea mjomba wake kiti, akakiweka kivulini, na yeye akakaa kwenye kizingiti. Penseli alikaa, mkoba magotini.

"Mjomba, nikuulize kitu. Na usinifiche."

"Uliza."

"Zile themanini na nne. Ulinionea huruma? Kwa sababu ya mama?"

Penseli aliuvuta mkoba karibu zaidi.

"Sikulaumu," binti aliharakisha kusema. "Nimepiga tu hesabu. Wanasema shule yetu inazidisha kumi na moja. Kwa hiyo yangu ya kweli ni sabini na tatu, na hizo kumi na moja ulinipa wewe. Hata mimi ningempa mtoto wa ndugu yangu. Nataka tu kujua nimesimama wapi, nisije nikaomba tena kitu ambacho siwezi."

Daftari lilikuwa pale. Zipu ilikuwa wazi nusu tangu benchini. Ilikuwa kazi ya kunyoosha vidole vitatu tu, kufungua ukurasa wa mwisho, na kumwonyesha namba yake iliyoandikwa na mkono uleule uliomsuka nywele. Lakini akishaiona themanini na saba, atataka kujua kwa nini haikufika chuoni, na kwa nini daftari limerudi nyumbani badala ya kupita dirishani. Atafunua na kurasa nyingine, kwa sababu ni mtu wa vipimo, haachi kitu hajakipima. Penseli aliushika mkoba kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani.

"Zilikuwa zako," alisema. "Zote zilikuwa zako. Haki ya Mungu."

Binti alimtazama usoni muda mrefu. Aliyaona macho yanayokimbia, na mikono iliyong'ang'ania mkoba, na akaelewa alivyoelewa. Akatabasamu kidogo.

"Ahsante, mjomba," alisema kwa adabu zote, kwa sauti ileile ya mbele ya kioo miaka ile, mafungu mawili kichwani, moja juu moja chini. Kisha akainuka akaenda kugeuza mashati, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa umeshakauka.